Matumbawe Yaliyopauka na Dhana Iliyotangulia



Sisi tukaao Mbololo, chini ya vilima vya Taita, bahari huiona kwa safari. Msimu wa Kaskazi uliopita, joto likiwa limeshika, niliteremka Mombasa kumzuru mpwa wangu. Sebuleni kwake ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wachache, kamba wawili wadogo na vipande vya matumbawe hai. Vipande hivyo havikung'olewa mwambani. Alipewa na mwenzake aliyevikuza katika tangi lake mwenyewe.

Niliikuta nyumba imenuna. Matumbawe yaliyokuwa ya rangi ya kahawia na kijani yalikuwa yamepauka, mengine yakikaribia weupe wa chokaa. Mpwa wangu alikwisha kutoa hukumu: mkewe alisafisha kioo kwa sabuni, nayo ikaingia majini. Mke alikana. "Mjomba," aliniambia kwa sauti ya chini, "nilipangusa kioo cha nje kwa kitambaa na maji matupu. Wallahi, sabuni sikutia." Kwa siku tatu walikuwa wakisemezana kwa haja tu, na yaliyomo tangini yalikuwa karibu kutupwa.

Nikamwambia mpwa wangu: "Dini yetu imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kumdhuru mtu kwa kutojua. Basi kwanza tulisome tangi."

Tumbawe, ndugu zangu, si jiwe wala si mmea. Ni jamii ya vinyama vidogo vyenye mikono laini, vinavyojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama zao mna mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, nao humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Naye humpa makao na virutubisho. Rangi nyingi tuionayo ni ya mgeni huyo. Joto au mwanga ukizidi, ujirani huharibika: mwani huanza kutoa sumu, na mnyama humfukuza. Nyama iliyobaki hupenyeza nuru, na weupe wa chokaa huonekana chini yake. Kwa hiyo tumbawe lililopauka huenda bado li hai. Lakini lina njaa, na lisipopata nafuu mapema litakufa.

Swali la kwanza, basi, ni hili: je, nyama ingalipo? Tulikaribia kioo kwa tochi. Vinyama vilikuwa vikichomoza mikono usiku, na hapakuwa na ukungu wa kijani ulioota juu ya mifupa. Tukashukuru, hayo yalikuwa hai.

Swali la pili: weupe umeanzia wapi? Nyama ikibanduka kuanzia chini na kuacha mfupa mtupu, hiyo ni hatari ya haraka, na huenda ni maradhi au mabadiliko ya ghafla ya maji. Tumbawe likififia lote kwa usawa, tazama joto, na pia uangalie kama maji yamesafishwa kupita kiasi hata mwani ukakosa virutubisho. Weupe ukiwa upande wa juu tu, huku kwenye kivuli rangi ingalipo, shaka ya kwanza ni taa. Yetu yalikuwa hivyo: juu meupe, chini kahawia.

Swali la tatu: je, viumbe wengine wana hali gani? Kamba ni dhaifu mno mbele ya sumu. Lau sabuni ingalikuwa imeingia kwa kiasi cha kuyadhuru matumbawe, wao wangalitangulia. Lakini walikuwa wakitembea na kula kama kawaida. Hapo nilimwona mpwa wangu akiinamisha kichwa.

"Taa hii umeiweka lini?" nikamwuliza. Mkewe ndiye aliyejibu: "Wiki mbili kabla ya kupauka, Mjomba. Ile ya zamani iliungua." Taa mpya ilikuwa kali zaidi, nayo iliwashwa kwa nguvu zote tangu siku ya kwanza. Tukapima joto: alfajiri nyuzi 26, alasiri nyuzi 29. Matangi ya namna hii hustawi zaidi kwenye nyuzi 25 au 26, bila kupanda na kushuka sana. Basi sababu zilikuwa mbili, na mke hakuwamo katika hata moja.

Dawa yake ilikuwa subira. Taa ilipunguzwa nguvu na kuinuliwa juu. Feni ndogo iliwekwa ipulize usoni mwa maji, kwani maji yanapogeuka mvuke hupoa. Yanayopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke. Na maji ya bomba yenye klorini yasimiminwe hivi hivi. Zaidi ya yote, badilisha jambo moja kwa wakati, polepole. Wengi huyaua matumbawe kwa dawa nyingi za siku moja.

Haya ya sebuleni ni mfano mdogo wa yanayoipata bahari yetu. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya pwani yetu yakapauka, mengi hayakuamka. Joto kama hilo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Baharini hakuna feni wala taa ya kuinua. Mwamba ukifa, samaki hukosa malezi, na sufuria ya mvuvi hukosa kitoweo.

Sisi wa bara nasi tumo. Mto Athi na Mto Tsavo hukutana ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, ukawa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake kaskazini ya Malindi. Udongo unaomomonyoka huku juu hufika huko, ukayafunika matumbawe na kuyazibia mwanga. Kupanda mti shambani na kuzuia mmomonyoko ni kuilinda bahari usiyoiona. Na ukizuru pwani, usinunue kipande cheupe cha tumbawe ili kupamba kabati. Huo ni mfupa. Watu wa Kuruwitu, huko Kilifi, waliifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na juhudi yao ikatambuliwa kimataifa mwaka 2017.

Marjani imetajwa pamoja na lulu katika Suratur-Rahman, miongoni mwa neema za Mola wetu. Neema hushukuriwa kwa kuitunza.

Baada ya miezi miwili mpwa wangu alinipigia simu. Rangi ilikuwa ikirudi, kuanzia kwenye vivuli kwenda juu. Nikamwuliza kuhusu mkewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilimwomba radhi usiku uleule ulipoondoka, Mjomba. Amenisamehe, ila amesema taa ya pili tutaichagua pamoja."

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na aziimarishe nyumba zetu. Amin.