Je, Wajua? Korongo wa mwisho wako Ruma

Je, wajua kuwa Kenya nzima, swala aitwaye korongo yuko porini mahali pamoja tu, Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kaunti ya Homa Bay? Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 pekee. Kumi na watano! Ukimwona mmoja kwa darubini hutamsahau: uso mweusi wenye mabaka meupe, masikio marefu kama ya punda, pembe zilizopinda kurudi nyuma.

Ruma imejificha katika Bonde la Lambwe, kati ya vilima vya Gwasi na mteremko mkali wa Kanyamwa, kilomita 10 hivi kutoka Ziwa Viktoria. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Ina kilomita za mraba 120, na vifaru weusi na twiga wamerudishwa humo.

Kilicholinda nyasi za Ruma ni mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa malale. Malale iliwafanya watu waliogope bonde hili kwa miaka mingi, na jembe halikufika. Mitego ya kuwanasa wadudu hao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazowavuta. Basi ukitoka Kisumu kwenda Ruma, acha nguo za rangi hizo nyumbani, vaa kaki na mikono mirefu, na ufike alfajiri, kabla jua halijawa kali.