Kiti cha Mpigaji wa Wastani

Mtu mzima anayejifunza fidla au udi baada ya saa za kazi hufika mahali ambapo nyimbo za mwanzo amekwisha zimaliza, lakini kusimama peke yake mbele ya watu bado hawezi. Wengi huishia hapo. Ushauri anaopewa ni ajifungie chumbani afanye mazoezi mpaka aive, ndipo atafute kundi. Naona ushauri huo umegeuzwa juu chini, kwa sababu kundi kubwa ndilo linalomwivisha. Ushahidi uko Unguja, ambako taarabu ya vilabu imeendeshwa kwa zaidi ya miaka 100, kwa sehemu kubwa na watu wenye shughuli nyingine mchana.

Taarabu ilianza kama starehe ya kasri. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi, na huyo aliporudi akawafundisha wengine. Klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, waliokusanyika walikuwa marafiki wenye mapenzi na muziki, wakaagiza ala kutoka Misri na kujifunza wakiwa pamoja. Culture Musical Club, ambayo mizizi yake ni kikundi cha vijana wa chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1958, nayo ilikua kwa wanachama wa namna hiyo. Kwa hiyo mpigaji wa wastani hakuingizwa klabuni kwa huruma. Bila yeye safu isingejaa.

Namna muziki wenyewe ulivyojengwa inamsaidia. Katika taarabu ya asili, fidla zote hufuata mahadhi yale yale. Mwimbaji anamaliza mstari, fidla zinamjibu kwa pamoja, kisha zinampisha. Anayejifunza akipotea katikati ya kipande kigumu hunyanyua upinde, akasubiri, akaingia tena kwenye jibu linalofuata, na wimbo hauvunjiki. Tena kuna jambo ambalo chumbani hatalipata. Maqamu za taarabu kama rasti na bayati zina sauti zinazoangukia baina ya vitufe vya piano. Mpigaji ganuni huzitayarisha kabla ya wimbo kwa kugeuza vijiti vidogo vya chuma vilivyo kando ya nyuzi. Mpigaji fidla hana vijiti wala alama yoyote shingoni mwa ala yake, ana kidole na sikio tu. Kidole kikikaa juu kidogo ya pale kilipo cha jirani, sauti mbili zinakwaruzana na mwenye kosa anasikia papo hapo. Si kila kundi kubwa lina upole huu. Katika bendi kubwa ya jazi ya Marekani, yenye watu 17 hivi, kila tarumbeta kati ya nne mara nyingi ina noti yake, na wa tatu akikosea hana wa kumfunika.

Hapo ndipo watu husema kwamba kufunikwa ni kufichwa: mtu anaweza kukaa miaka akisogeza upinde bila kutoa sauti. Ni kweli, hutokea. Lakini dawa yake ni kiongozi wa mazoezi anayesimamisha wimbo na kumtaka kila mmoja apige kipande chake peke yake, jambo la dakika chache. Aliyejifungia chumbani hana wa kumsimamisha, na kosa alilolirudia mara nyingi huishia kulizoea akaliona sawa. Ama wanaohofia hadhi ya kundi, wanachanganya mazoezi na jukwaa. Hakuna ubaya mtu akahudhuria mazoezi yote na siku ya onyesho akapangiwa nyimbo nne tu.

Hoja nzito zaidi ni ya kinanda. Kuanzia miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ya makundi kama East African Melody ilionyesha kwamba kinanda na magitaa vinaweza kubeba kazi iliyokuwa ya safu nzima ya fidla. Mwenye harusi anayehesabu nauli na chakula cha wapigaji hawezi kulaumiwa akichagua watu wachache, na wapo wanaoupenda muziki huo kuliko ule wa zamani. Hilo si la kubishania hapa. Ila mpiga kinanda lazima awe ameiva siku anayoajiriwa. Kundi dogo halina kiti cha nyuma. Chuo cha muziki kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, kimefundisha ala hizi kwa bidii, lakini darasa lina mwisho wake, na mwanafunzi wa miaka 40 akimaliza anahitaji mahali pa kupiga kila wiki na watu waliomzidi.

Kwa hiyo anayekwama asingoje kuiva. Aende mazoezini, aombe fidla ya mwisho, na akae kushoto kwa mpigaji aliyemzidi, maana fidla huegemea bega la kushoto na upande huo ndiko vidole vinakoonekana. Vipande vya kasi aviache kwa miezi ya mwanzo, apige majibu tu.