Kinetokori ya tripanosoma

Kinetokori ya tripanosoma ni mkusanyiko wa protini unaoziunganisha kromosomu za vimelea vya malale na nyuzi zinazozivuta wakati seli inapogawanyika. Kinetokori za binadamu, wanyama wengine, mimea na hamira zimejengwa kwa sehemu kubwa na protini za ukoo mmoja. Ile ya tripanosoma imejengwa na protini za aina nyingine kabisa. Protini hizo ziligunduliwa na mwanabiokemia Bungo Akiyoshi pamoja na Keith Gull katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2014. Kwa sababu ya tofauti hiyo, watafiti wanazichunguza kama shabaha ya dawa za malale ya binadamu na za nagana, yaani malale ya mifugo.

Kazi ya kinetokori

Kabla ya seli kugawanyika, kila kromosomu hunakiliwa na kuwa na nakala mbili zilizoshikamana. Nakala hizo lazima zitenganishwe ili kila seli mpya ipate moja. Kazi ya kuvuta hufanywa na nyuzi nyembamba za protini ziitwazo mikrotubuli. Nyuzi haziwezi kuishika DNA moja kwa moja, hivyo protini nyingi hukusanyika kwenye sehemu maalumu ya kromosomu iitwayo sentromea na kutengeneza kishikio. Kishikio hicho ndicho kinetokori.

Kinetokori ikiharibika, kromosomu hugawanywa vibaya. Seli moja hubaki na nakala zilizozidi na nyingine hupungukiwa, na mara nyingi zote mbili hufa. Ndiyo maana kuzuia mgawanyiko wa seli ni njia ya zamani ya kutibu saratani. Vinkristini, dawa inayotokana na mmea wa Madagaska uitwao Catharanthus roseus, huzuia mikrotubuli kujengwa. Dawa hiyo imetumika kwa miongo mingi, pamoja na dawa nyingine, kutibu limfoma ya Burkitt kwa watoto wa Afrika Mashariki. Hata hivyo mikrotubuli za seli za saratani hazitofautiani na za seli nzima, kwa hiyo dawa humdhuru pia mgonjwa. Shabaha iliyo bora ni ile ambayo mgonjwa hanayo mwilini.

Vimelea na ugonjwa

Tripanosoma ni kiumbe cha seli moja kinachoenezwa na mbung'o. Malale husababishwa na aina mbili za Trypanosoma brucei. Aina ya gambiense hupatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ugonjwa wake huenda polepole kwa miaka. Aina ya rhodesiense hupatikana Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na isipotibiwa huweza kuua ndani ya miezi michache. Uganda ni nchi pekee yenye aina zote mbili. Nchini Tanzania ugonjwa umejulikana hasa katika mikoa ya Kigoma na Tabora na katika mbuga kama Serengeti na Tarangire, ambako watalii kadhaa waliambukizwa mwaka 2001.

Wanyamapori na ng'ombe huhifadhi vimelea vya rhodesiense, hivyo kutibu watu peke yao hakutoshi kuumaliza ugonjwa. Kisiwani Unguja mbung'o waliangamizwa kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, ambao walizalishwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa kisiwani mwaka 1996. Bara ni pana mno kwa njia hiyo, na dawa bado zinahitajika.

Historia ya dawa hizo ina machungu yake. Robert Koch alipowatibu wagonjwa katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907 kwa atoksili, dawa yenye aseniki, baadhi yao walipofuka. Melarsoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, nayo ina aseniki. Huweza kuwatibu wagonjwa ambao vimelea vimeshafika ubongoni, lakini yenyewe huua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 wanaopewa. Kwa malale ya rhodesiense iliyofika ubongoni, ilibaki kuwa tiba kuu kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa ajili ya aina hiyo, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda.

Ugunduzi

Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza mfuatano wa DNA yote ya Trypanosoma brucei, yenye jeni zipatazo 9,000. Kimelea kilichosomwa kilitokana na mbung'o wa Kenya wa mwaka 1970, na kilihifadhiwa kupitia mkusanyo wa shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki lililokuwa Tororo, Uganda.

Orodha hiyo ya jeni ilileta fumbo. Wataalamu walitafuta ndani yake protini za kinetokori zinazojulikana kwa binadamu na hamira, wasizione. Hata CENP-A, histoni maalumu inayoonyesha mahali pa sentromea katika viumbe wengi, haikuwapo. Lakini kimelea kina jozi 11 za kromosomu kubwa na huzigawanya bila matatizo kila kinapozaliana. Kishikio kilikuwapo, ila hakikufanana na kilichotafutwa.

Akiyoshi alikuwa amechunguza kinetokori za hamira katika maabara ya Sue Biggins mjini Seattle, Marekani. Alipohamia maabara ya Gull huko Oxford hakuendelea kutafuta kwa kulinganisha mifuatano ya jeni. Alichagua protini ambazo huongezeka wakati seli inapojiandaa kugawanyika, akaziunganisha moja moja na protini inayong'aa, kisha akatazama kwa hadubini zinakokaa. Moja ilijipanga kama kinetokori inavyotarajiwa kujipanga: nukta ndani ya kiini, zikikutana katikati na kisha kuvutwa pande mbili. Iliitwa KKT1. Kwa kuivuta KKT1 kutoka ndani ya seli pamoja na protini zilizoshikamana nayo, na kurudia hatua hiyo kwa kila protini mpya, alipata jumla ya 19, KKT1 hadi KKT19. Baadaye nyingine ziliongezwa na idadi ikapita 20.

Protini za KKT

Protini hizi zina majukumu tofauti. KKT2 na KKT3 hukaa kwenye sentromea muda wote na huaminika kuwa msingi wa kishikio. KKT4 hushika ncha za mikrotubuli, jambo lililothibitishwa mwaka 2018. KKT10 na KKT19 ni kinasi, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kuziwasha au kuzizima. Bila hizo mbili, seli hukwama kabla ya kromosomu kutengana.

Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba KKT16, KKT17 na KKT18 zinafanana na protini ambazo kwa viumbe wengine huunganisha jozi za kromosomu wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi. Inaelekea mababu wa tripanosoma walichukua protini za kazi moja wakazipa kazi nyingine.

KKT zinapatikana pia katika jamaa za tripanosoma, wakiwemo vimelea vya leishmania vinavyosababisha kala-azar katika kaunti za Baringo na Turkana nchini Kenya. Kwa hiyo dawa inayozilenga ingeweza kufaa kwa zaidi ya ugonjwa mmoja.

Kutoka protini hadi dawa

Si kila protini ngeni inafaa kuwa shabaha. Lazima iwe ya lazima kwa uhai wa kimelea, na iwe na mfuko au kishimo ambamo molekuli ndogo inaweza kuingia. Nyingi kati ya KKT hazina kishimo kinachojulikana. Kinasi ni bora zaidi kwa hilo, kwa kuwa kila kinasi ina mfuko wa kupokea ATP, chanzo chake cha fosfeti.

Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Jeremy Mottram wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, lilieleza molekuli iitwayo AB1. Molekuli hiyo hujifunga moja kwa moja kwenye KKT10, ambayo pia huitwa CLK1, na kuizuia isibandike fosfeti kwenye KKT2. Kinetokori hushindwa kujengwa sawasawa na kimelea hufa. Ilifanya kazi pia kwa panya walioambukizwa.

Hata hivyo mfuko huohuo unaorahisisha kazi ndio unaoleta hatari. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na mifuko yao ya ATP hufanana. Molekuli isiyochagua vizuri inaweza kuzizima zile za mgonjwa, na faida ya kulenga kitu ambacho mgonjwa hana ikapotea. Pia dawa ya malale iliyofika ubongoni lazima ipite kizuizi kinachozuia kemikali nyingi za damu kuingia kwenye ubongo. Dawa ya ng'ombe haina budi kuwa ya bei ambayo mfugaji anaimudu, kwa kuwa vimelea vya nagana vimeanza kuzoea zile za zamani, yaani diminazeni na isometamidiamu.

Akiyoshi alianzisha kundi lake mwenyewe katika idara ya biokemia ya Oxford mwaka 2013, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kubaini umbo la kila KKT na kuonyesha inashikana na ipi. Maumbo hayo ndiyo yanayoonyesha mahali ambapo molekuli inaweza kumshika kimelea bila kumgusa mgonjwa.