Faili Lipo, Python Hailioni

Vijana ninaofanya nao kazi huchoshwa sana na kosa moja: Python inasema moduli haipo, na faili lake liko palepale kwenye folda. "Dada, hili hapa, nalitazama kwa macho yangu," aliniambia mmoja anayechakata takwimu za mvua. Alikuwa amehamia kompyuta mpya yenye Python 3.12 na kunakili folda yote ya kazi. Kila kitu kilifunguka, isipokuwa moduli moja iliyoandikwa kwa lugha ya C ili mahesabu yaende kasi.

Nikamwomba anisomee jina zima la faili. Akasoma: hesabu.cpython-311-x86_64-linux-gnu.so.

Jibu limo humo. Msimbo wa kawaida wa Python huhama kirahisi kwa sababu Python huusoma yenyewe. Moduli ya C imekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na jina lake hutaja toleo la Python iliyotengenezewa, aina ya prosesa na mfumo endeshi. Hiyo 311 ni Python 3.11. Kwenye Linux, Python 3.12 hutafuta miishio mitatu: wenye 312, wenye abi3, na .so tupu. Faili lenye 311 hulipita tu.

"Basi nilibadilishe jina?"

Nilimkataza, tena kwa ukali. Ukilipa jina la hesabu.so tupu, Python itajaribu kulifungua kweli, lakini ndani yake moduli bado inadhani kumbukumbu imepangwa kama ilivyokuwa kwenye 3.11. Heri ikikataa mara moja. Inaweza kuzima programu katikati ya kazi, au kuvuruga kumbukumbu na kutoa namba za uongo. Namba za mvua zinasubiriwa na watu wenye mashamba, siwezi kuzichezea.

Tiba ni kuijenga moduli upya kutoka msimbo wake wa C, kwa Python ileile itakayoitumia. Kompyuta nyingi zina Python zaidi ya moja, kwa hiyo kwanza chapisha sys.executable ujue unazungumza na ipi. Kisha weka setuptools ya kujengea moduli: distutils ya awali, iliyotegemewa na faili nyingi za zamani za setup.py, iliondolewa katika toleo hilo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023. Faili jipya likizaliwa na 312 kwenye jina na bado likagoma, liendeshee amri ya ldd. Itakuonyesha maktaba ya mfumo inayokosekana.

Wanaoandika moduli hizi nawasihi watumie abi3, yaani kiolesura thabiti cha Python, inapowezekana. Imekuwapo tangu Python 3.2, na faili moja lililojengwa hivyo hufaa matoleo mengi yanayofuata.

Kijana wangu alikuwa ametunza msimbo wake wa C. Aliyebaki na .so peke yake, msimbo umepotea, hana budi kuweka Python 3.11 katika mazingira yake ya pembeni na kuiendesha kazi hiyo humo.