Mti Wangu Mzima, Mpenzi

Mimi niko Mbeya, mchumba wangu kikazi yuko Mafinga, Iringa. Katikati yetu kuna barabara ya TANZAM na vocha zisizoisha. Wikiendi moja akaja na miche miwili ya paini kutoka kitaluni, ile inayopandwa msitu wa Sao Hill. "Mmoja wako, mmoja wangu. Tufanye bonsai."

Nikacheka. Nguzo ya umeme kwenye chungu? Lakini usidharau, msomaji. Kuna msonobari mweupe wa Kijapani uliolelewa chunguni tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na sasa uko Washington, Marekani.

Tatizo langu ni haraka. Nilifanya yote siku moja: nikakata mizizi, nikaosha udongo wote, nikakunja matawi kwa waya. Kumbe mizizi ya paini huishi na fangasi rafiki wanaoisaidia kufyonza maji na chakula, hivyo udongo wa zamani hubakizwa kiasi. Na kazi kubwa hufanywa moja moja, mti upumzike kwanza.

Tena paini inadanganya: hufa leo, sindano zake zikabaki kijani wiki kadhaa. Kila akipiga simu, "Mti mzima?" "Mzima, mpenzi." Hata zilipogeuka kahawia, jibu langu lilikuwa lile lile.

Alipokuja akauona. "Mti si kitu," akasema. "Ila ungeniambia." Iliniuma kuliko kufokewa.

Sasa tunalea mmoja, ule wake. Mwaka huu mizizi, mwakani waya. Na jambo likianza kunyauka kati yetu, tunaambiana lingali kijani. Wewe na mwenzio je?