Masisi na Walikale: Wanafunzi wa udaktari wa mifugo watafuta zizi la kujifunzia uzazi

Katika vilima vya Masisi, mkoani Kivu Kaskazini, kondoo anaweza kuzaa Januari, Juni au Oktoba, mchana au usiku wa manane. Kwa mfugaji hilo si jambo geni. Lakini kwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo aliyepewa mwezi mmoja tu wa staji, ni tatizo kubwa. Anaweza kukaa siku thelathini shambani na kurudi chuoni bila kumpokea hata mwanakondoo mmoja.

Uzazi wa mnyama hausomwi kitabuni pekee. Mkono ndio unaojifunza kutofautisha mguu wa mbele na wa nyuma ndani ya tumbo la mama, na jicho ndilo linalojifunza kujua ni wakati gani wa kusaidia na ni wakati gani wa kungoja. Daktari anayemaliza masomo bila kupita hatua hiyo huenda akaifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwa mbuzi pekee wa familia, na mbuzi huyo akifa, karo ya watoto hufa naye.

Vilima, msitu na vita

Mkoani Kivu Kaskazini, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, mjini Butembo, kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Kitivo kingine kinachojulikana nchini kiko Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mbali sana kusini. Zipo pia shule za sekondari zinazofundisha kilimo na mifugo, na vijana wengi huanza safari yao huko kabla ya kufika chuoni.

Kwa miaka mingi, mtu akitaja mifugo Kivu Kaskazini, wazo la kwanza lilikuwa Masisi. Nyasi zake za kijani, baridi ya nyanda za juu na ng'ombe wa maziwa waliochanganywa na damu ya kizungu, kama vile Friesian, viliipatia sifa. Jibini yake ya mviringo huuzwa Goma na hata Kinshasa. Barabara inayotoka Goma hupita Sake, kilomita 25 hivi, kisha hupanda hadi Masisi-centre, ikaendelea Nyabiondo na kushuka kuelekea msitu wa Walikale.

Barabara hiyo hiyo imepitiwa na vita kwa zaidi ya miaka thelathini. Machi 1993, mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, katika eneo la Walikale, yalisambaa hadi Masisi. Tangu hapo, kila wimbi la vita limekuja na uporaji wa ng'ombe, na makundi yenye silaha yamewatoza wafugaji kodi ya mifugo. Januari 2025, waasi wa M23 waliiteka Masisi-centre, na mwishoni mwa mwezi huo wakaingia Goma. Machi 19 mwaka huo walifika Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Kwa mwanafunzi wa Butembo, maana yake ni kwamba njia ya kwenda kwenye malisho makubwa ya mkoa wake inakatizwa na mstari wa mapigano. Shamba ambalo kaka zake wa chuo walifanyia staji huenda leo halina ng'ombe hata mmoja, au mwenyewe amehamisha kundi lake.

Mahali pasipo na msimu

Tofauti na nchi za baridi ni kubwa. Nchini Uingereza, kondoo wengi huzaa kati ya Januari na Aprili, kwa sababu majike hupandwa siku zinapoanza kuwa fupi wakati wa vuli. Wanafunzi wa huko hujua ni wiki gani waende shambani. Kwa miaka mingi kanuni za taaluma hiyo ziliwataka wafanye wiki 38 za mafunzo ya nje ya chuo, 12 kati ya hizo zikiwa za kujifunza ufugaji wenyewe. Msimu wa kuzaa ukifika, shamba moja kubwa linaweza kumwonyesha mwanafunzi makumi ya uzazi kwa wiki mbili.

Masisi iko karibu sana na ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na dume huachwa na majike siku zote. Kwa hiyo hakuna msimu mmoja wa kuzaa.

Hesabu rahisi inaonyesha ugumu wake. Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hivi, karibu miezi mitano. Tuseme jike anazaa kila baada ya miezi minane. Nyumba yenye majike wanne itapata uzazi sita kwa mwaka, yaani mmoja kila miezi miwili. Mwanafunzi anayekaa mwezi mmoja kwenye nyumba hiyo ana nafasi kubwa ya kutoona kitu. Lakini kijiji chenye nyumba ishirini za namna hiyo kina majike themanini, na hapo uzazi unaotarajiwa ni kama kumi kwa mwezi.

Somo ni hili: katika mazingira ya Masisi na Walikale, mwanafunzi hapaswi kutafuta shamba moja kubwa. Anapaswa kutafuta kijiji. Badala ya kuuliza "nitakaa wiki ngapi?", aulize "ni majike wangapi wenye mimba nitakaoweza kuwafikia kwa miguu usiku?"

Walikale si Masisi

Ukishuka kutoka Masisi kwenda Walikale, ng'ombe wanapungua na miti inaongezeka. Walikale ni eneo la msitu, lenye joto na mvua nyingi, na linajulikana zaidi kwa madini ya kasiteriti ya Bisie kuliko kwa mifugo. Hata hivyo nyumba nyingi hazikosi mbuzi, kuku, nguruwe au simbilisi, wale ambao Kivu wengi huwaita dende.

Kwa mwanafunzi, mifugo hii midogo si ya kudharauliwa. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi na mara nyingi huzaa mapacha, hivyo mafunzo ya uzazi wa kondoo yanaweza kufanyika kwake karibu yote. Dende hufichwa jikoni kwa urahisi, na familia inayokimbia inaweza kuwabeba ndani ya kikapu. Ndiyo maana wakati ng'ombe wanaporwa, wanyama hawa wadogo ndio wanaobaki kuwa akiba ya nyumba.

Upo pia utaratibu wa zamani wa mtu kumpa jirani mbuzi jike amtunze, kisha wakagawana watoto. Mwanafunzi anayeuelewa utaratibu huo hujua kwamba mnyama mmoja anaweza kuwa na wenye mali wawili, na kwamba kabla ya kumgusa anatakiwa kuwa na ruhusa ya wote.

Kuingia kijijini

Karatasi bado ina nafasi yake. Barua ya utambulisho kutoka chuoni hupelekwa kwa ofisi ya mifugo ya eneo, kisha kwa chefu wa kijiji. Masisi ina chefferi za Bahunde na Bashali pamoja na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta za Wanianga na Bakano. Kijana asiyepitia kwa wakubwa hao, tena mwenye daftari na maswali mengi, anaweza kudhaniwa mpelelezi.

Swali la hatari kuliko yote ni "mna mifugo mingapi?" Mahali ambapo orodha ya mifugo imewahi kutangulia uporaji au kodi, hakuna mzee atakayelijibu mbele ya watu. Njia ya adabu ni kumsalimu baba au mama wa nyumba, kueleza umetoka wapi, na kuomba kitu kimoja tu: mnyama akikaribia kuzaa, waniite. Idadi itajulikana yenyewe polepole, na haina haja ya kuandikwa pamoja na jina la mwenye mali.

Anayetakiwa kuombwa zaidi ni mchungaji. Mara nyingi yeye ndiye anayejua jike gani alipandwa lini, yupi alipata shida safari iliyopita na yupi humkataa mtoto wake. Mwanafunzi anayeamka naye alfajiri, akateka maji na kufagia zizi, ndiye atakayegongewa mlango saa nane za usiku.

Kinachojifunzwa usiku huo

Dalili huanza mapema. Kiwele hujaa, sehemu za uzazi huvimba na kulegea, jike hujitenga, huparapara ardhi, hulala na kuinuka. Kisha chupa ya maji hutokea. Katika uzazi wa kawaida, kwato mbili za mbele hutangulia huku pua ikiwa imelala juu yake. Hapo kazi ya mwanafunzi ni kukaa kimya na kutazama.

Akisukuma kwa nusu saa hadi saa moja bila maendeleo, uchunguzi unahitajika. Kucha ziwe fupi, mikono ioshwe kwa sabuni na kupakwa kilainishi. Labda kichwa kimekuja na mguu mmoja umekunjika nyuma. Labda mapacha wameingiliana. Labda miguu ya nyuma ndiyo imetangulia. Mkono unasahihisha kwanza, kisha unavuta taratibu, pamoja na msukumo wa mama, kuelekea chini. Kuvuta kwa nguvu mtoto aliyekaa vibaya ndiko kunakoua wote wawili.

Mtoto akitoka, pua na mdomo husafishwa, mwili husuguliwa kwa nyasi kavu, na mama huachwa amlambe. Kitovu hupakwa ayodini. Usiku wa Masisi una baridi kali, na mwanakondoo aliyelowa anaweza kufa kabla ya jua kuchomoza. Ulinzi wake mkubwa ni maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ndani ya saa mbili ikiwezekana na isizidi sita. Kipimo kinachotumika ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo mbili na nusu anahitaji mililita 125. Kondo la nyuma hutoka lenyewe ndani ya saa chache. Likipita saa 12 ni shida, lakini halivutwi kwa nguvu.

Mgeni asilete ugonjwa

Uzazi pia ni mlango wa maradhi. Ugonjwa wa brusela, unaosababisha wanyama kutupa mimba, unaweza kumwingia binadamu kupitia maji ya uzazi, kondo la nyuma au maziwa yasiyochemshwa. Glavu si anasa. Wanawake wenye mimba, wakiwemo wanafunzi, hawapaswi kusaidia uzazi wa kondoo na mbuzi, kwa kuwa baadhi ya vimelea vinavyosababisha kutupa mimba kwa wanyama hao vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatari nyingine ni viatu vya mwanafunzi mwenyewe. Anayetoka zizi hadi zizi anaweza kubeba sotoka ya mbuzi na kondoo, homa ya nguruwe au ugonjwa wa miguu na midomo. Sotoka hiyo si hadithi ya mbali: mwaka 2012 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari baada ya ugonjwa huo kuua mbuzi wengi nchini Kongo. Chanjo yake ipo na dozi moja humlinda mnyama kwa miaka kadhaa, lakini chanjo huhitaji barafu, barabara na amani. Ndoo ya maji, sabuni na brashi ya kusugulia mabuti mlangoni mwa kila zizi ni deni la kwanza ambalo mwanafunzi anamlipa mwenyeji wake.

Faida kwa pande zote

Mfugaji naye ana sababu ya kufungua mlango. Mwanafunzi anaweza kumwachia daftari dogo lenye tarehe za kupandwa na za kuzaa, akamwonyesha namna ya kupaka kitovu dawa na kumkamulia dang'a mtoto dhaifu. Haya hayahitaji dawa za gharama, na hubaki nyumbani hata mwanafunzi akiondoka.

Pale ambapo njia ya Masisi imefungwa, chuo kinaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mifugo midogo iliyo karibu, hata katika vitongoji vya Butembo, kwa sharti lile lile: wahesabiwe uzazi walioushuhudia, si wiki walizokaa. Mwanafunzi aliyepokea wanakondoo na wanambuzi kumi mikononi mwake, mbele ya mchungaji aliyemfundisha, atakuwa tayari siku malisho ya Masisi yatakapojaa tena.