Usimwage unga wa vidonge juu ya kidonda

Je, ukijikata kwa kisu jikoni, wewe hufanya nini? Wengi wetu hufungua kidonge cha rangi mbili, tukamwaga unga wake juu ya kidonda na kungoja kikauke. Desturi hii ni ya hatari. Unga huo hugandamana na damu ukafanya gamba, na usaha ukabaki chini yake. Tena kipimo chake hakijulikani, hivyo viini vinavyosalia hupata nafasi ya kuizoea dawa.

Hata imani kwamba kidonda hupona upesi kikikaushwa si ya kweli. Mwaka wa 1962 mtafiti George Winter, aliyechunguza vidonda vya nguruwe, alionyesha kwamba ngozi mpya huota haraka zaidi mahali palipofunikwa pakabaki na unyevu kuliko palipoachwa wazi.

Taabu ni kwamba viini navyo hupenda unyevu. Nayo shashi ya kawaida hushikamana na kidonda, na kila inapobanduliwa hung'oa nyama changa.

Nyuzi nyembamba mno

Ndiyo sababu watafiti wanatengeneza bandeji za nyuzi za nano. Huyeyusha plastiki maalumu, au chitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa wa baharini, kisha huisukuma polepole kupitia sindano iliyounganishwa na umeme wa maelfu ya volti. Umeme huivuta ikawa uzi mwembamba ajabu: mamia ya nyuzi hizo zikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo zilingane na upana wa unywele mmoja. Ufundi wenyewe ni wa zamani, kwani Anton Formhals alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka wa 1934.

Nyuzi hizo hupishana kama utando wa buibui. Hewa hupita na majimaji hufyonzwa, lakini viini hupata shida kupenya. Ndani yake huchanganywa dawa, au chembe za madini ya fedha ambayo huua viini vya aina nyingi. Tofauti na unga wa kidonge, dawa hiyo hutoka kidogo kidogo, kwa kipimo kilichopangwa.

Nyingi ya bandeji hizi bado zinafanyiwa majaribio. Lakini funzo lake waweza kulitumia leo.

Ufanye nini?

Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kifunike kwa shashi safi, na uibadilishe ikilowa au ikichafuka. Ikiwa imeshika, ilowanishe kwanza kwa maji safi. Jeraha likiwa la kina au lenye udongo, nenda zahanati uulizie sindano ya pepopunda.

Na ikiwa una ugonjwa wa kisukari, kagua nyayo zako kila siku. Kidonda kidogo kisichouma kinaweza kukufanya ukatwe mguu. Ukiona uvimbe unaoenea, usaha, harufu mbaya au homa, usikawie: mwone daktari.